Ulinganisho: akriliki, jeli, unga wa kuchovya na kucha za kubandika, ipi ina kemikali ya kuogopa zaidi?

BiKucha
Tulinganishe upande wa kemikali tu, bei na urembo tuviache. Mteja ni wa kila wiki tatu, na vidole vyake vimeshawahi kuwasha baada ya jeli.

FundiTupa
Naanza na akriliki, ndiko kwenye udanganyifu mwingi. Kwenye chupa ya maji yake ya kuchanganyia unga paandikwe Ethyl Methacrylate. Ukikuta Methyl Methacrylate, yaani MMA, irudishe dukani. MMA ni ya meno ya bandia na saruji ya kuungia mifupa. Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilianza kuyabana maji ya MMA tupu miaka ya 1970 kwa sababu ya aleji na kucha zilizoharibika. Chupa iliyomiminiwa kutoka chupa kubwa, isiyo na lebo, usiinunue, hata muuzaji aape vipi.

Kama kucha imeshabandikwa, ijaribu wakati wa kuitoa. Sugua juu, weka pamba yenye asetoni, funga foili dakika 15 hadi 20. Akriliki nzuri inalainika kama sabuni iliyolowa. Ya MMA nusu saa bado jiwe, na hapo fundi asiye na subira anaibandua kwa nguvu. Hata ukijigonga mlangoni MMA haivunjiki, inaondoka na kucha yako ya asili.

KemiaMtaani
Umesema sawa, ila msipime hatari kwa pua. Ethyl nayo inanuka. Jeli hainuki, na hapo ndipo inapowahadaa watu. Ndani yake mara nyingi kuna HEMA, molekuli ndogo inayopenya ngozi kirahisi. Aleji yake ikishakupata haitoki, na inaweza kukufuata mpaka kwa daktari wa meno, maana baadhi ya dawa za kuzibia meno ni za ukoo huohuo. Umoja wa Ulaya tangu 2021 unaruhusu HEMA kwenye kucha kwa mafundi wa kazi tu, si kwa kujipaka nyumbani.

TPO ni jambo lingine. Hiyo ndiyo inayoifanya jeli igande chini ya taa. Ulaya waliipiga marufuku kwenye vipodozi tarehe 1 Septemba 2025 kwa hofu ya madhara ya uzazi. Hofu hiyo imetokana na wanyama waliopewa dozi kubwa, kwa hiyo aliyepaka mwezi jana asikose usingizi. Kwenye lebo itafute kwa jina la Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide.

DadaPendo
Basi jeli isiyo na HEMA imemaliza kesi?

KemiaMtaani
Hapana dada. Nyingi wameweka HPMA badala yake, ndugu yake yuleyule. Kinachodhuru hasa ni jeli mbichi kugusa ngozi. Acha nafasi ya milimita moja kabla ya nyama ya kucha, paka tabaka jembamba, tumia taa ya kampuni iliyotengeneza jeli hiyo. Taa isiyolingana inakausha juu, chini kunabaki kubichi. Ukija kusugua, vumbi lenye ubichi linatua kwenye mikono, mkono unagusa uso, na kope zinavimba huku vidole vikiwa salama. Mtu anahangaika kubadilisha wanja, kumbe ni kucha.

ShangaziTanga
Unga wa kuchovya hauna taa, unashikwa na gundi ya cyanoacrylate, jamii ya supaglu. Ubaya wake ni wateja wote kuchovya kopo moja. Unga umwagiwe juu ya kidole kwa kijiko. Kucha za kubandika kwa gundi ni kemikali hiyohiyo ila kidogo. Angalia tu gundi isidondoke kwenye khanga au pamba: inapata moto ghafla na kuunguza ngozi. Za stika ndizo nyepesi kuliko zote, na anayeswali anazitoa kabla ya udhu.

FundiTupa
Asetoni msiisahau. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la mkaa la jirani. Bakuli liwe dogo, lenye kifuniko. Barakoa ya N95 inazuia vumbi tu, mvuke unapita. Feni iuvute kuelekea dirishani, isiupulize usoni. Glovu ziwe za nitrili. Za lateksi akriliki inazipenya kwa dakika chache. Hata hiyo nitrili, tone likidondoka, ibadilishe palepale.

BiKucha
Huyu mteja sasa apangiwe nini?

KemiaMtaani
Stika, basi. Jeli, akriliki na unga akae navyo mbali mpaka daktari wa ngozi ampime aleji kwa kumbandika viraka vyenye kemikali mgongoni. Aende na picha za lebo za jeli iliyomwasha, ili daktari ajue cha kutafuta.