Suricata: niiweke katikati ya njia au pembeni?

Wakuu, naombeni ushauri. Ofisini tuna kompyuta kama 60 na seva ya zamani niliyoifunga programu ya Suricata ili inase wavamizi wa mtandao. Nikiiweka katikati ya ruta na swichi, itazuia shambulio papo hapo, lakini ikizima (umeme wetu mnaujua) ofisi nzima inakosa intaneti, na simu zote zinakuja kwangu. Nikiiweka pembeni, swichi iwe inaipa nakala ya trafiki, itaona na kupiga kengele tu. Tena poti ya nakala ikizidiwa inadondosha pakiti (vipande vya data) kimyakimya. Halafu, niiweke mbele (upande wa intaneti) au nyuma (upande wa ofisi) ya fayawoli, ile inayochuja trafiki? Naegemea nyuma, maana mbele nitazama kwenye kelele za tahadhari zisizo na maana na anwani za ndani sitaziona. Mliowahi kufunga, mlianzaje?