Bi mkubwa kaanguka tena, napimaje hatari akiwa hapo hapo nyumbani?

mtoto_wa_muheza:
Wakuu habarini. Bi mkubwa wangu ana miaka 76, yuko Muheza na mjukuu wa kidato cha pili, mi nipo Dar. Mwaka huu kaanguka mara mbili, ya kwanza akasema "nimeteleza tu mwanangu", ya pili alfajiri anaenda choo cha nje akaangukia mkono, bahati hakuvunjika. Zahanati wakampa panadol wakasema ni uzee. Anatumia dawa mbili za presha na kuna vidonge vya usingizi sijui kavitoa wapi. Kuna namna ya kupima nikajua kama ataanguka tena au ndo nisubiri avunjike nyonga?

fizio_mstaafu:
Pole sana mkuu. Mara mbili ndani ya mwaka hilo tayari ni jibu, yuko kwenye hatari, sasa kipimo ni cha kujua shida iko wapi. Chukua kiti chenye mikono, pima mita 3 chora alama chini, ainuke, atembee mwendo wake wa kila siku na viatu vyake vile vile, ageuke, arudi akae, simu inahesabu. Zikifika sekunde 12 au zaidi sio nzuri. Ila usikodolee saa tu, angalia anavyogeuka, kama anashika ukuta, kama hainuki bila kusukuma kiti. Mjukuu awe ubavuni, bibi asije akaanguka kwenye kipimo chenyewe 😅

Halafu presha. Alale dakika 5 apimwe, asimame, apimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, basi umeshajua alfajiri kinachomwangusha ni nini, presha inashuka akisimama.

mama_kanga:
Kaka mie nimemuuguza mama mkwe miaka minne, nakwambia wazee wanaficha!! wanaogopa utawahamishia mjini wafungiwe ndani ya geti. Usimuulize yeye, muulize huyo mjukuu. Na akague kandambili kama soli imeisha, mkeka pale kizingitini, kanga inayoburuza, taa ya njia ya chooni. Sisi tulimwekea ndoo ya usiku chumbani akaninunia wiki nzima eti nimemfanya mtoto, siku ya mvua mwenyewe akaiomba. Macho nayo, wetu alikuwa na mtoto wa jicho yote mawili anasema anaona vizuri tu.

mtoto_wa_muheza:
Nimerudi wakuu. Mjukuu kanirekodia video, sekunde 21, na kwenye kugeuka kapiga vihatua saba vidogo vidogo kashika kabati. Presha amelala 148, dakika ya kwanza amesimama 121. Vile vidonge ni amitriptilini, kapewa na jirani yake wa kwenye vikoba!! Na mama_kanga shikamoo yako, dogo kasema sio mara mbili, ni tano.

fizio_mstaafu:
27 hiyo imeshuka, sio mchezo, na hivyo vidonge navyo vinashusha presha mtu akisimama. Mpeleke wiki hii na mfuko wa dawa zote pamoja na za jirani, na video daktari aione. Za presha asiache mwenyewe, daktari ndo apange. Kwa sasa akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda achezeshe miguu, kizunguzungu kikiisha ndo asimame. Na siku akigonga kichwa msisubiri asubuhi.

mama_kanga:
Marahaba mwanangu. Ndoo nunua yenye mfuniko.