Naomba ushauri: mashine ya espreso na ya kusagia kahawa, nipo Mwanza

Habari za jioni wakuu. Nipo Isamilo. Nimedunduliza miaka mitatu, sasa nataka mashine ya espreso ya nyumbani itakayodumu.

Nimebaki na mbili: Rancilio Silvia ya boila moja (tangi la kuchemshia maji), na Lelit Bianca ya boila mbili. Mke wangu anapenda ya maziwa, na kwa boila moja lazima usubiri joto lipande ndipo upate mvuke wa kupasha maziwa. Hapo Bianca inanivuta. Lakini bei yake iko juu sana, na naogopa nikimaliza hela yote hapo, ya kusagia nitanunua ya hovyo. Kwangu kusaga ndiko kunakoamua: gramu 18 za unga zitoe gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Unga ukiwa mkubwa maji yanapita mbio, ukiwa laini mno yanadondoka tone tone na kahawa inakuwa chungu. Nafikiria Niche Zero au Eureka Mignon. Ipi?

Natumia arabika ya Tarime, na robusta ya Kagera kidogo kwa ajili ya povu.

Jingine ni umeme, unakatika na kurudi kwa nguvu. Ya Marekani ya volti 120 nimeshaiacha, lakini hata kwa hii ya 230, stabilaiza ya ukubwa gani inatosha?

Aliyetumia yoyote kati ya hizi, hasa anayemjua fundi huku Kanda ya Ziwa, anisaidie. Sitaki kuipakia basi kwenda Dar kwa sababu ya mpira wa kuzibia tu.