Ile klipu ya ndege kwenye grupu la "Wana wa Bi Mwanakombo, Ngamiani"

Shangazi Zuhura: *Imesambazwa mara nyingi* NDEGE YA ZIMAMOTO YAANGUKA MAZOEZINI WATATU WAFARIKI. TUMA KWA WENGINE 😭😭
Shangazi Zuhura: [video]
Shangazi Zuhura: jamani Rajabu wetu si yuko zimamoto huko Chogo Handeni???

Mama Rajabu: Innalillahi. Wifi usinitanie mie, mtoto nampigia tangu alfajiri hapatikani

Hemedi: Shangazi Rajabu anajifunza mpira wa maji na ngazi, ndege kaiona wapi

Shangazi Zuhura: mie sijui, nimetumiwa na mwenzangu wa kikoba na yeye si mtu wa uongo

Mama Rajabu: nimeacha samaki jikoni niko njiani nakwenda kwa Salma aniangalizie, macho yangu haya siyaamini

Salma: Mama rudi samaki wataungua, tutawaita hao zimamoto kweli

Ba mdogo Kassim: Asalaam aleykum, nilikuwa msikitini. Tulieni. Hivyo ni vitu viwili vimeshonwa pamoja. Hiyo ndege ya njano mnayoiona hapo ni Ugiriki, kisiwa cha Evia, tarehe 25/7/2023, na walikuwa wanazima moto wa kweli si mazoezi, angalieni vizuri kabla haijapotea nyuma ya kilima bawa linagusa mti. Ndani walikuwa marubani wawili. Maandishi yanasema watatu, hamkuhesabu?

Salma: kweli bwana nimerudisha nyuma mara tatu, bawa limegusa mti. Maskini

Ba mdogo Kassim: Hao watatu ni wa Marekani, 20/4/2005, kaskazini ya mji wa Chico, California. Hiyo ndo ilikuwa mazoezini. Ndege aina ya P-3 Orion, injini nne za pangaboi, wenyewe waliiunda kuwinda nyambizi baharini, ikishazeeka jeshini wanaitia tangi la dawa ya moto zaidi ya lita 11,000. Ikapiga milimani hakupona mtu. Rajabu mwaka huo hata kutambaa bado

Mama Rajabu: Shemeji una hakika?

Ba mdogo Kassim: shemeji mie nimezeekea karakana ya ndege

Hemedi: Lkn ba mdogo mazoezi tu inakuwaje wafe wote, hakuna moto hakuna moshi

Ba mdogo Kassim: Aa hapo ndo watu hawaelewi. Mazoezi ni kazi ileile kimepungua moto tu. Dawa inamwagwa kwenye futi 150 hivi, yaani chukua mnazi umbebeshe mnazi mwenzie, ndege ipite hapo juu na ni kubwa kuliko nyumba yako Hemedi, mlima kushoto mlima kulia. Ukimwaga toka juu sana upepo unaichukua yote hakuna ulichofanya. Halafu ukifungua milango ya tangi tani kumi na kitu zinaondoka kwa sekunde chache, ndege inanyanyua pua kama punda aliyeshushiwa gunia ghafla na rubani lazima aiwahi. Sasa hayo utajifunzia wapi, Raskazone juu ya maji tambarare? Lazima uende milimani. Na Aprili kule msimu wa moto bado, ndo wakati wa kunoana kabla ya kiangazi

Shangazi Zuhura: kumbe. sasa si wachote maji ya bahari tu kuliko madawa

Ba mdogo Kassim: Wapo, hiyo ya njano ndo kazi yake, inashuka juu ya maji inachota huku inakimbia haisimami. Mdogo wake wa kisasa, CL-415, anabeba lita 6,000 na anajaza kwa sekunde 12

Hemedi: sekunde 12 😳 bomba letu ndoo moja robo saa

Salma: mie nakumbuka Kilimanjaro Oktoba 2020, moto mlima mzima na watu wanapanda kwa miguu, wapagazi wa watu wamebeba matawi wanapiga moto kwa mkono. Hapo ndo ungetamani hata hilo kongwe la kuwindia nyambizi

Ba mdogo Kassim: na kumpata rubani wa kuliendesha kule juu hewa nyepesi vile, si kazi ndogo

Mama Rajabu: Nyie mnanogewa na ndege mtoto wangu bado hapatikani!!

Hemedi: Mama R chaji hiyo, tulia

Mama Rajabu: Wewe huna mtoto huko

Rajabu: Shikamooni nyote. Simu ilizima chaji. Naona mama kapiga mara 31, nani kafariki???

Mama Rajabu: Hakuna. Alhamdulillah. Samaki tu ndo wameungua

Salma: 😂😂 nilisema

Shangazi Zuhura: Marahaba baba. Basi ile klipu nshaifuta, tusiiongelee tena

Hemedi: umefuta kwako tu shangazi, sie bado tunaiona