Mnakataa kuapdeti seva, ikivamiwa mnalaumu Linux!

Wakuu, leo sinyamazi.

Wiki iliyopita nimeamshwa saa kumi na moja alfajiri na kampuni moja ninayoifanyia kazi za IT kwa mkataba. Mfumo wa stoo umekwama, ankara hazitoki. Naingia kwenye seva, naandika top (amri ya kuonyesha programu zinazoendeshwa), mstari wa juu kabisa nakutana na kdevtmpfsi, CPU asilimia 390. Ukipitisha macho haraka utadhani ni kdevtmpfs ya kernel yenyewe, yaani kiini cha Linux. Tofauti ni hiyo "i" ya mwisho. Ni kirusi cha kuchimba sarafu za kidijitali. Nikakiua. Dakika haijaisha kimerudi, kumbe kilishajiandikisha kwenye cron, ratiba inayowasha programu zenyewe kwa muda uliopangwa.

Mfumo wenyewe ni wa Java, na Log4j iliyomo (kipande cha programu kinachoandika kumbukumbu za matukio ya mfumo) ni ya kabla ya Desemba 2021, tundu la Log4Shell lilipotangazwa na kupewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Chini yake kuna CentOS 7, toleo la Linux ambalo apdeti zake zilikoma tarehe 30 Juni 2024. Nimewaandikia barua pepe tatu kuomba siku mbili tu za kurekebisha. Bosi akanijibu: "Si inafanya kazi? Iache. Linux haishikwi na virusi."

Juzi kwenye kikao bosi huyohuyo anawaambia watu tatizo ni "vitu vya bure" kama Linux, eti msimbo wake kila mtu anauona. Ankara yangu ikalipwa nusu!

Hapo ndipo nilipochemka. Machi 2024 tuliokolewa na huko kuonekana. Aliyejiita Jia Tan alikaa kwenye mradi wa xz, programu ya bure ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux, zaidi ya miaka miwili akijifanya msaidizi, mpaka mwenye mradi, aliyeelemewa na kazi ya kujitolea, akamwamini. Akaficha mlango wa nyuma kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akafukua msimbo mpaka akaupata. Nusu sekunde! Kwetu seva ilikuwa inakokota wikendi nzima na hakuna aliyeuliza.

Hamlipii leseni, sawa. Lakini kuitunza nani amewaambia ni bure?

Wenye mikataba ya namna hii, kipengele cha apdeti mnakiandikaje ili mteja akikataa asije kuwabebesha mzigo? Nusu ya ankara iliyobaki naidai kesho asubuhi, na zile barua pepe tatu nimeziambatisha.