Haskell: anayeanza aanze na ghci au na faili?

MLETA MADA: Wakuu kuna kitu kinanikera. Anayeanza Haskell, hii lugha ya programu, anapelekwa ghci moja kwa moja, pale unapoandika amri moja moja na kujibiwa papo hapo, anacheza na let x = 5 na print (x * 2) wiki mbili, kila kitu kinajibu, halafu siku akiweka mistari hiyohiyo kwenye jaribu.hs akapiga runghc jaribu.hs (runghc ndo inaendesha faili zima) anarushiwa parse error usoni. Hapo kosa la nani? Faili halitaki amri zinazoelea hewani, linataka main, mahali programu inapoanzia, amri zikae ndani ya do, ila hakuna aliyemwambia. Mi nasema siku ya kwanza ni faili: juu kabisa #!/usr/bin/env runghc, chini main = putStrLn "Habari", chmod +x kuliruhusu faili liendeshwe, ./jaribu.hs, imeisha. Nipingeni.

WA PILI: Nakupinga mchana kweupe. Utamu wa hii lugha ni kuandika fanksheni na kuijaribu papo hapo, unapiga :t unaona aina yake, unarekebisha, :r kulipakia upya, unaendelea. Wewe unamtwisha mtu chmod na IO (mambo ya kusoma na kuandika nje ya programu) kabla hajaijua hata map, fanksheni ya mwanzo kabisa ya orodha! Na njia yako ina mashimo, faili likiandikwa Windows likahamia Linux kila mstari unaishia na \r isiyoonekana, env ya ule mstari wa juu inalalamika haioni runghc wakati ukiiita mwenyewe inaitika. Nilikesha hapo mimi, dos2unix, programu ya kuziondoa hizo \r, ndo iliniokoa.

WA TATU: Mmesahau bafa, pale maneno yanapohifadhiwa kabla ya kutoka kwenye skrini. Programu inauliza putStr "Jina lako: " halafu getLine, kwenye ghci safi, ukishaikompaili kwa ghc (kompaila ya Haskell) kimyaa, unaandika jina ndo swali linatokea, kumbe maneno yalikuwa yanasubiri mwisho wa mstari. Dawa ni hSetBuffering stdout NoBuffering. Aliyelelewa na ghci ataapa programu imeganda. Niko na mleta mada, ila runghc inatafsiri upya kila unapoiita, skripti ikikomaa kompaili.

MLETA MADA: Wa pili, hiyo \r nakukubalia, sikuiwaza. Ila :t na :r si zinafanya kazi hata ukiandika ghci jaribu.hs? Faili liko, utamu uko, umepoteza nini?

WA PILI: Sawa, ila hiyo bado ni ghci bwana 😂 chmod ingoje wiki ya pili.