Naombeni msaada: babu hayumo kwenye daftari la ubatizo

Mjukuu wa Kambini: Wakuu, nimekwama. Babu mzaa baba alichukuliwa na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, 1938 kutoka Songea kwenda kukata mkonge Muheza, akafia huko. Parokia ya kwao nimeenda mara tatu: katibu anafungua daftari la 1920, anapitisha kidole, "hayumo". RITA, kwenye vyeti vya kuzaliwa, nako hakuna kitu. Nishike njia ipi?

Wino Mweusi: RITA usiwalaumu, enzi hizo Waafrika wengi hawakuandikishwa vizazi. Na daftari la kanisa hufuata tarehe ya kubatizwa, siyo ya kuzaliwa. Aliyebatizwa kijana, baada ya ukatekumeni (mafundisho ya kabla ya ubatizo), utamkuta 1934 au 1936, umri umekadiriwa: "circa 14 annorum", yaani wa miaka kama 14. Majina nayo ni ya Kilatini. Aloisi tafuta Aloysius, Yohane tafuta Joannes.

Binti Ruvuma: Mngewauliza wazee wakiwa hai. Sasa mnahangaika na karatasi.

Wino Mweusi: Mjukuu, unatafutia nini hasa?

Mjukuu wa Kambini: Ukoo tu.

Wino Mweusi: Aliyekwenda mara tatu ana tarehe inayomkimbiza. Sema tukusaidie.

Mjukuu wa Kambini: Sawa. Kuna shamba la ukoo, ekari sita, linagawanywa mwezi ujao. Upande wa pili wanatuita watoto wa manamba, vibarua wa mashambani, hatuna kwetu. Nimeshaapa kwa wakili kwamba babu kazaliwa 1920 na jina lake ni hili tunalotumia. Ningefanyaje? Hati bado sijaipeleka.

Wino Mweusi: Usiipeleke. Jina la kambini mara nyingi si la nyumbani. Daftari likitoa jina jingine, kiapo chako mwenyewe ndicho kitakachokuangusha.

Chuma cha Pua: Hii chai. SILABU imeanzishwa 1944. Ilimchukuaje mtu 1938?

Mjukuu wa Kambini: Siyo chai mkuu, 1938 ni kauli ya shangazi. Mkononi nina kipande chake, kadi ya kazi: visanduku 30 vya siku za kazi, vilivyopigwa alama ni 17. Namba ipo, na jina moja tu, Saidi. Sisi ni Wakatoliki.

Wino Mweusi: Chuma, vibarua wa mkonge walichukuliwa hata kabla ya SILABU. Wazee wengi huwaita wachukuaji wote jina hilo. Mjukuu, hiyo Saidi ndiyo sababu ya kusimamisha kiapo. Babu alifunga ndoa wapi?

Mjukuu wa Kambini: Kanisani, huko huko Muheza. Baba kazaliwa 1951.

Wino Mweusi: Basi anzia Muheza. Daftari la ndoa, LM, huonyesha bwana harusi alibatizwa parokia gani, mara nyingi na namba yake ya LB, yaani ya daftari la ubatizo. Anza 1951 urudi nyuma mwaka mmoja mmoja. Beba barua ya jumuiya yako na umwone paroko mwenyewe. Usiombe cheti, omba kusoma daftari. Ukiipata LB, rudi Songea utaje namba, jina liache. Pembeni ya ubatizo wake tazama kama pameandikwa ndoa: tarehe na jina la bibi. Vikilingana na LM, ndiye.

Mjukuu wa Kambini: Naondoka Jumatatu. Wakili nimemwambia asubiri.